Utafiti Unaovuka Fani: Hisabati, Kompyuta, Sheria ya Mazingira na Maisha ya Shule – Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa shahada za juu, walimu, na mara mojamoja wanasheria wenye jambo lisilokaa vizuri katika idara moja. Yanayojirudia nimeyakusanya hapa. Baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mistari miwili tu, kwa sababu maswali mengine hayana mengi ndani yake.

Fani hizi nne zinakutania wapi? Hisabati na sheria ya mazingira, kweli?

Zinakutana pale tatizo lenyewe linapozikutanisha. Mtafiti akizikutanisha kwa nguvu ili aonekane mjuzi wa kila kitu, msomaji hung'amua kuanzia ukurasa wa pili.

Chukua suala la kuwapangia wanafunzi shule. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walichapisha makala fupi ya hisabati kuhusu kuwaoanisha waombaji na vyuo. Utaratibu wao ni huu. Kila mwombaji anaanza na chuo anachokipenda kuliko vyote. Kila chuo kinawashikilia kwa muda wale kinaowaona bora, kwa kadiri ya nafasi zake, na kuwakataa waliozidi. Waliokataliwa wanakwenda kwenye chaguo linalofuata. Chuo kikijiwa na mtu bora kuliko mmoja wa wale kinaowashikilia, kinamwachia huyo wa awali, naye anaendelea na orodha yake. Mzunguko ukikoma, hapabaki mwombaji na chuo ambao wote wawili wangependa kuachana na walichopangiwa ili wachukuane. Hilo lina uthibitisho kamili, na mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaweza kuufuata.

Miongo minne baadaye jiji la New York lilianza kutumia utaratibu wa jamii hiyo kuwapangia wanafunzi shule za sekondari, na Boston ikabadili wa kwake mwaka 2005. Ule wa zamani wa Boston ulikuwa na kasoro moja mbaya: mzazi akiandika shule yenye ushindani mkali kuwa chaguo la kwanza na kuikosa, angeweza kuikosa hata ya pili, kwa kuwa ilikwisha kujazwa na walioiandika ya kwanza. Wazazi waliojua mchezo walijaza fomu kwa hesabu. Wasiojua walijaza ukweli, na watoto wao ndio walioumia. Kwa hiyo unaona kila fani ilichofanya: hisabati ilionyesha kwamba mpango wa haki unawezekana, kompyuta ikauendesha kwa maelfu ya watoto kwa mpigo, na shule ndiyo iliyolileta tatizo. Shapley na mchumi Alvin Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi za namna hii.

Na mazingira? Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakiwa Vanuatu, walianza kampeni ya kutaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe kuhusu wajibu wa mataifa katika mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuiuliza, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake ya ushauri. Jambo lililoanzia darasani liliishia The Hague, na hoja zake zinaegemea mifano ya hisabati, yaani hali halisi iliyoelezwa kwa milinganyo, inayoendeshwa kwenye kompyuta kubwa.

Mshika mbili moja humponyoka, na hapa nashika nne. Lazima nizijue zote?

Hapana. Ijue moja kwa kina, ya kiwango cha kuwafundisha wengine. Nyingine zijue kiasi cha kusoma makala zake bila kudanganyika, na cha kumuuliza mtaalamu swali lisilompotezea muda. Asiye na fani mama huwa hana pa kusimamia wakati wahakiki wakianza kumhoji.

Kwa nini msimamizi wangu wa sheria anakubali jambo ambalo yule wa hisabati analikataa?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa. Karibu kila tasnifu ya mseto inayorudishwa inarudishwa kwa sababu hii: ushahidi wa fani moja umepelekwa kwenye fani nyingine kana kwamba unakubalika kila mahali.

Katika hisabati ushahidi ni uthibitisho, basi. Mifano haitoshi, hata iwe mingi vipi. Chukua n² + n + 41. Weka n sawa na 0 unapata 41, namba tasa. Weka 1 unapata 43, tasa. Weka 2 unapata 47, tasa. Endelea hivyo hadi 39 na kila mara utapata namba tasa. Mtu wa fani nyingine angekwisha kuandika hitimisho. Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Imeanguka. Na huo ni mfano mpole. Mwaka 1919 George Pólya alitoa dhanio, yaani kauli ambayo bado haijathibitishwa, kuhusu namna namba zinavyogawanyika kwa vigawo vyake tasa. Lilisimama kwa kila namba iliyojaribiwa hadi mwaka 1958 lilipoonyeshwa kuwa si kweli, na baadaye ikajulikana kwamba namba ya kwanza kabisa inayolivunja ni 906,150,257. Kabla ya hapo ungehesabu kwa mkono maisha yako yote na kuona linakubali tu.

Katika kompyuta kuna aina mbili za ushahidi, na watu huzichanganya. Ukisema algoriti yako, yaani utaratibu wa hatua ambao kompyuta inaufuata, haitazidi hatua kadhaa kwa data yoyote ile, huo ni usemi wa hisabati na unadai uthibitisho. Ukisema ni ya haraka kuliko nyingine kwa data halisi, huo ni usemi wa majaribio: unadai vipimo, mashine iliyotajwa, data iliyotajwa, na marudio.

Sheria haithibitishi kwa namna hiyo. Swali lake ni: kauli hii ina nguvu gani, na imetoka kwa nani? Mkataba ulioridhiwa, hukumu ya mahakama ya juu, na hotuba ya waziri vinaweza kusema neno lilelile, lakini havina uzito mmoja. Mwanahisabati akisoma hoja ya kisheria huona mapengo. Mwanasheria haoni pengo hapo, anaona nafasi ya kufasiri, na kufasiri ndiyo kazi yake.

Utafiti wa maisha ya shule una ushahidi wa aina nyingine tena: kilichoonekana, kilichosemwa, kilichopimwa, na hali ilivyokuwa siku ile. Mahojiano na wanafunzi kumi na wawili hayathibitishi lolote kuhusu wanafunzi wote duniani, wala hayakukusudiwa kufanya hivyo. Yanaweza kueleza *namna* jambo linavyotokea, kitu ambacho jedwali la alama za watoto elfu moja haliwezi.

Ushauri wangu: kila unapoandika dai, jiulize ni dai la fani ipi, kisha ulipe ushahidi wa fani hiyo. Ikibidi, andika pembeni mwa rasimu kwa penseli: U, V, N, S – uthibitisho, vipimo, nguvu ya sheria, shule. Ukikuta aya yenye herufi tatu tofauti, ivunje.

Kompyuta ikimaliza uthibitisho ambao hakuna binadamu anayeweza kuusoma wote, huo bado ni uthibitisho?

Wanahisabati waligombana juu ya hili kwa muda mrefu. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kupata rangi moja, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kompyuta ikipitia hali moja baada ya nyingine. Wengi hawakuridhika. Mwaka 1998 Thomas Hales alitangaza uthibitisho wa dhanio la Kepler, lile la kupanga mipira kwa namna inayobana nafasi kuliko zote. Wahakiki walifanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha wakasema wana uhakika wa asilimia 99 tu. Jibu la Hales lilikuwa kuanzisha mradi wa kuuandika uthibitisho mzima katika lugha ambayo programu inaweza kuukagua hatua kwa hatua. Ulikamilika mwaka 2014. Uthibitisho wa rangi nne nao ulikaguliwa hivyo na Georges Gonthier mwaka 2005.

Kwa hiyo siku hizi jibu ni ndiyo, mradi kilichokagua ni programu ndogo inayoeleweka na msimbo (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi. “Niliendesha na ikakubali” haitoshi.

Ratiba ya mitihani ya shule inaweza kuwa mada ya utafiti? Mwenzangu anasema ni kazi ya ofisi.

Mwenzako hajawahi kuipanga. Chora nukta kwa kila mtihani. Unganisha kwa mstari mitihani miwili ambayo kuna mwanafunzi anayeifanya yote. Sasa ipe kila nukta rangi, ambapo rangi ni kipindi cha mtihani, bila nukta mbili zilizounganishwa kupata rangi moja. Swali la ratiba limegeuka kuwa swali la kupaka rangi, ndugu wa lile la ramani. Mwaka 1976 Even, Itai na Shamir walionyesha kwamba hata aina sahili ya tatizo la ratiba ya walimu na madarasa ni ngumu kwa maana kamili ya neno hilo katika sayansi ya kompyuta: imo katika kundi la matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yote. Ukiipata, utakuwa umejibu moja ya maswali saba ambayo Taasisi ya Clay iliyatangazia zawadi ya dola milioni moja kila moja mwaka 2000.

Kwa hiyo mwalimu wa taaluma anayekesha na karatasi na kifutio anapambana na kitu kizito. Ila usiishie kwenye rangi. Muulize ni masharti gani hayamo kwenye fomu: mwalimu anayenyonyesha, maabara iliyo moja, darasa ambalo haliwezi kukaa na hisabati mchana. Hapo ndipo programu nyingi za ratiba hushindwa, na ndipo kwenye tasnifu.

Nikiendesha programu yangu mara ya pili napata jibu tofauti kidogo. Nifiche?

Usifiche. Tafuta sababu. Mara nyingi ni moja kati ya hizi: programu inatumia namba za bahati nasibu na hukuweka namba ya kuanzia; toleo la maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yako inautumia) limebadilika; au kazi imegawanywa kwenye vichakataji vingi na mpangilio wa kujumlisha unabadilika kila mara.

Hiyo ya mwisho huwashangaza wengi. Mwambie Python, lugha ya kuandikia programu, ajumlishe 0.1 na 0.2, atakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haiandikiki kikamilifu katika mfumo huo, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Kila hatua ina mkato mdogo, na ukibadili mpangilio wa kujumlisha, mikato nayo inakusanyika tofauti. Kwa tarakimu ya kumi na saba si kitu. Lakini mfano unaorudia hatua mamilioni, kama ule wa kusambaa kwa moshi au wa tabianchi, unaweza kuikuza tofauti hiyo hadi ionekane kwenye grafu. Andika namba ya kuanzia, matoleo, mashine, na uendeshe mara kadhaa ili uonyeshe matokeo yanacheza ndani ya mipaka gani.

Sheria ya mazingira ni bahari. Nianzie wapi?

Anza na tofauti za nguvu kabla ya kuanza na mada. Azimio la Stockholm la 1972 na la Rio la 1992 ni maazimio: yana ushawishi mkubwa lakini si mikataba. Itifaki ya Montreal ya 1987 kuhusu tabaka la ozoni ni mkataba na inazifunga nchi zilizomo. Azimio la Baraza Kuu la Julai 2022 lililotambua haki ya binadamu ya kuishi katika mazingira safi, yenye afya na endelevu halianzishi wajibu kama mkataba, ingawa mahakama zinaweza kulitaja. Maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa si hukumu kati ya pande mbili, lakini yanaeleza sheria iliyopo. Mwanafunzi anayeandika “sheria ya kimataifa inasema” bila kuonyesha ni ipi kati ya hizi amejiandalia alama ndogo mwenyewe.

Kisha soma mashauri machache kwa kina. La kiwanda cha kuyeyushia madini cha Trail, kati ya Marekani na Kanada, lilitolewa uamuzi mwaka 1938 na 1941: moshi ulitoka Kanada ukaharibu mashamba upande wa pili wa mpaka, na baraza la usuluhishi likasema hakuna nchi yenye haki ya kuacha eneo lake litumike kuidhuru nyingine kwa moshi wa namna hiyo. La viwanda vya karatasi kati ya Argentina na Uruguay, 2010, lilisema tathmini ya athari kwa mazingira sasa ni sharti la sheria ya kimataifa pale shughuli inapoweza kuleta madhara makubwa kuvuka mpaka. Lakini mahakama iliachia kila nchi iamue tathmini hiyo iwe na nini ndani. Msomaji wa hisabati au kompyuta ana la kusema hapo, maana ubora wa tathmini ni ubora wa mfano, data na makisio yaliyomo.

Kama shule ndiyo iliyokuleta, soma shauri la Oposa la Ufilipino la 1993, ambapo mahakama ya juu iliwakubali watoto wadai kwa niaba yao na ya vizazi vijavyo kuhusu misitu. Lisome pamoja na ombi ambalo watoto kumi na sita walilipeleka mwaka 2019 kwa Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 kamati ilikataa kulisikiliza kwa kuwa hawakuwa wamemaliza njia za kisheria za nchi husika, ila ilikubali kimsingi kwamba nchi inaweza kuwajibika kwa madhara ya hewa chafu yake nje ya mipaka. Miaka miwili baadaye kamati hiyohiyo ikatoa Maoni ya Jumla Namba 26 kuhusu haki za mtoto na mazingira.

Mfano wangu una kiwango cha kutokuwa na uhakika. Wanasheria hawataurarua?

Wataurarua zaidi ukikificha. Kutokuwa na uhakika kuna mahali pake rasmi katika sheria ya mazingira. Kanuni ya 15 ya Azimio la Rio inasema kwamba pale penye tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, ukosefu wa uhakika kamili wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuahirisha hatua zenye gharama nafuu za kuzuia uharibifu. Kwa hiyo mwanasheria anahitaji kujua kutoka kwako: hatari ni kubwa kiasi gani, inarekebishika au la, na hujui nini hasa. “Kati ya kiasi hiki na kile, kwa masharti haya” inamsaidia. Namba moja yenye desimali nne inamtia mashakani, na ana haki.

Mimi ni mwalimu. Naruhusiwa kutafiti darasa langu mwenyewe?

Kwa kawaida ndiyo, kwa kibali cha shule na kamati ya maadili ya chuo chako. Tatizo liko kwenye mamlaka yako. Wewe ndiye unayesahihisha madaftari yao. Mtoto akiambiwa “una hiari kushiriki” na mtu anayempa alama, hiari hiyo imekonda. Kwa hiyo mtu mwingine aombe ridhaa. Usijue nani kakataa mpaka alama za muhula zitoke. Na ridhaa ya mzazi isichukue nafasi ya kauli ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Mtoto akinyamaza, akaangalia chini na kusogeza karatasi mbali, huyo amekataa, hata kama fomu ya mzazi ina saini.

Nina wanafunzi 400. Sampuli inatosha?

Inategemea wako kwenye madarasa mangapi. Tuseme ni madarasa kumi ya wanafunzi 40. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kelele moja, dirisha moja lililovunjika. Alama zao zinafanana kuliko za watu waliookotwa ovyo. Mfanano huo hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Ukiwa 0.2, jambo lisilo la ajabu shuleni, chukua 1, ongeza 39 (wenzake wa kila mwanafunzi darasani) mara 0.2, unapata 8.8. Gawanya 400 kwa 8.8. Wanafunzi wako 400 wana taarifa sawa na wanafunzi 45 wasiohusiana.

Inauma, najua. Kuongeza watoto kwenye madarasa yaleyale hakusaidii sana, ongeza madarasa. Ule utafiti maarufu wa ukubwa wa madarasa wa Tennessee, ulioanza mwaka 1985, unaheshimika mpaka leo kwa sababu wanafunzi na walimu walipangwa kwa bahati nasibu kwenye madarasa ya watoto 13 hadi 17 au ya 22 hadi 25, katika shule nyingi kwa pamoja.

Nimepata kwamba jumla inasema hivi, na kila darasa linasema kinyume. Nimekosea hesabu?

Huenda hujakosea. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea takriban asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya juu na asilimia 35 ya wanawake. Ilionekana ubaguzi wa wazi. Watafiti walipochambua idara moja moja, upendeleo huo haukuonekana kwa mtindo huo. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zinazokataa watu wengi wa jinsia zote. Toa namba zote mbili, kisha eleza watu walifikaje kwenye makundi hayo. Maana hapo swali linahama tu: kwa nini waliomba huko?

Algoriti inaweza kutoa alama za mwanafunzi kwa haki kuliko mwalimu?

Uingereza ilijaribu mwaka 2020 mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona. Mfumo wa takwimu ulirekebisha makadirio ya walimu kwa kuangalia, pamoja na mengine, historia ya matokeo ya shule. Karibu asilimia 40 ya makadirio yalishushwa. Mwanafunzi hodari katika shule isiyowahi kutoa hodari alikuwa amefungiwa mlango na waliomtangulia, watu asiowajua. Makundi madogo sana yalibaki na makadirio ya walimu, na hayo hupatikana zaidi katika shule za kulipia. Baada ya siku chache mfumo uliondolewa.

Wengi hulaumu msimbo. Mimi naona msimbo ulifanya kile ulichoagizwa: kuweka mgawanyo wa alama wa kitaifa ufanane na wa miaka ya nyuma. Swali la haki kwa mtu mmoja mmoja halikuwa kwenye agizo. Ukitaka mada yenye hisabati, kompyuta, sheria na shule ndani yake, hii bado haijakauka.

Naweza kuweka data ya wanafunzi wazi nikishafuta majina?

Kufuta majina peke yake ni mzaha. Mwaka 2000 Latanya Sweeney alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kuwatenganisha takriban asilimia 87 ya watu wa Marekani. Shuleni ni rahisi zaidi: “msichana, kidato cha tatu, anayetumia kiti cha magurudumu” tayari ni mtu mmoja. Toa majumuisho, futa tarehe kamili, unganisha makundi madogo. Msimbo uweke wazi wote.

Akili unde inanisaidia kutafuta vyanzo. Kuna ubaya?

Kutafuta, hapana. Kuamini, ndiyo. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani mashauri ambayo hayajawahi kuwapo; ChatGPT ndiyo iliyoyatunga, na majina ya pande yalionekana halali kabisa. Kwenye hisabati kosa ni la aina nyingine: uthibitisho unaosomeka vizuri lakini una hatua moja isiyofuata. Kama hujaifungua hukumu yenyewe, au hujaipita hatua hiyo kwa kalamu yako, usiitaje.

Nichapishe wapi, na jina langu likae la ngapi?

Mila hazifanani. Hisabati kwa kawaida hupanga waandishi kwa alfabeti, kwa hiyo kuwa wa mwisho si fedheha. Kwenye kompyuta wa kwanza mara nyingi ndiye aliyefanya kazi kubwa, na makongamano makubwa yana hadhi sawa na majarida. Wanasheria wengi huandika peke yao, kwa tanbihi ndefu ambazo mwanahisabati ataziruka. Elewaneni kwa maandishi mapema, kabla matokeo hayajawa mazuri. Makala ya awali unaweza kuiweka arXiv, hazina ya makala mtandaoni iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ila soma kwanza masharti ya jarida unalolilenga, hasa ya sheria na elimu.

Sikupata tofauti yoyote. Nimepoteza mwaka?

Kama mpango ulikuwa mzuri, hapana. Andika.

Wasimamizi wangu wawili hawaelewani. Nimsikilize nani?

Kwanza hakikisha hawaelewani kweli. Mara nyingi mmoja anaongelea dai la sura ya tatu na mwingine la sura ya tano. Waandikie ukurasa mmoja: madai yako makuu, na mbele ya kila dai, aina ya ushahidi unaokusudia kuutoa na nani kati yao ataupima. Waombe wausaini wote kwenye kikao kimoja, si kwa barua pepe mbili. Wakiendelea kuvutana juu ya dai moja, liondoe kwenye tasnifu na ulitengee makala yake baadaye. Wakivutana juu ya yote, idara ya shahada za juu ina utaratibu wa kubadili msimamizi. Ni afadhali uutumie kabla hujaanza kukusanya data.